Mkia wa Nyota Hautafutwi kwa Karabai

Nakumbuka jioni moja ya likizo ambapo mimi, mwenye akili zangu zote, niliwasha karabai, nikaipiga pampu mpaka ikanguruma, nikapanda nayo kilima cha nyuma ya Mosocho kwenda kutafuta nyota. Naanza na upumbavu huo, mwanangu, ili usije ukasema hukuambiwa. Ni kweli mimi bado nasoma na ndevu zangu ni za kutafutwa. Lakini katika jambo hili la nyota yenye mkia mimi ni mzee, na wewe wa darasa la nne keti chini usikilize.

Nyota hiyo ilikuwa imesemwa kila mahali, dukani, kanisani, mtoni. Wengine walidai inaleta njaa. Babu yangu mzaa baba, ambaye kwetu tunamwita Sokoro, hakujali inaleta nini. Alipokuwa mtoto ilitokea nyota kama hiyo, na wazee wakamfunika ngozi ya ng'ombe asiione. Akabaki humo ndani akisikia watu wakishangaa. Sasa jicho lake moja lilikuwa limekwisha kuwa jeupe, na la pili lilikuwa linafuata.

"Nilinyimwa mara moja," aliniambia. "Hili likifunga kabla sijaiona, nitakuwa nimenyimwa kabisa."

"Sokoro, niachie mimi," nilisema. Ndivyo tunavyosema sisi ambao hatujui kitu.

Nilimpandisha jioni, wakati mawingu ya mvua ya alasiri bado hayajaondoka. Karabai ilimulika nyasi, ikamulika miguu ya mzee, ikamulika wadudu wote wa Mosocho waliokuja kunisalimu usoni. Juu hatukuona kitu. Majirani nao walipoona taa kilimani wakaja na taa zao, ikawa kama harusi. Basi kwa aibu nikanyoosha kidole ng'ambo ya bonde.

"Ile pale, Sokoro. Unaona mkia?"

Akatazama kwa muda mrefu, kwa heshima kabisa. "Naona," akasema. "Na inapika ugali."

Ulikuwa moto wa jikoni kwa watu. Majirani walicheka mpaka mmoja akateleza na taa yake. Kwetu babu na mjukuu wana ruhusa ya kutaniana watakavyo, na Sokoro aliitumia ruhusa hiyo vizuri: kila sufuria iliyotoa mvuke aliniita nije nione mkia. Ila siku moja nilimkuta peke yake, ameziba lile jicho jeupe kwa kiganja, analijaribu lile jingine kwa kutazama migomba. Hakunitania. Nikajua hatuna muda.

Ndipo nikafanya nililopaswa kufanya tangu mwanzo, nikauliza. Nilikwenda sokoni Daraja Mbili kwa mama mmoja muuza samaki, mtu wa upande wa ziwa, ambaye hutembea gizani ili awahi soko.

"Unaitafuta jioni?" alisema. "Jioni imelala, kama wewe asubuhi. Hiyo hutoka kabla ya jua, upande wa Nyamira. Na mpande juu, mwanangu. Huko bondeni kwenu mtaona ukungu tu."

Tukaenda Manga, juu kabisa, kwa shangazi yangu aliyeolewa huko. Alfajiri ya kwanza mvua. Iliyofuata, mawingu. Shangazi akaanza kutuuliza kama tumehamia, na Sokoro akataka turudi nyumbani. Nikakataa. Nikamwambia mbingu si duka, hazina saa ya kufungua.

Kisha kukapambazuka vizuri, au niseme kulikuwa bado hakujapambazuka, na anga lilikuwa safi. Tulitoka bila taa. Nilimvika koti lake na blanketi langu juu yake, nikamshika mkono mpaka kwenye mwamba, tukaupa mgongo moto wa shangazi, tukangoja macho yazoee giza. Nyota ikapanda juu ya vilima vya Nyamira, mkia wake umesimama wima, mweupe, kama moshi wa siku isiyo na upepo.

Mimi nikaiona. Yeye hakuiona.

"Juu ya ule mti, Sokoro."

"Mti upi? Usinipikie tena."

Hapo sikuwa na utani. Nilikuwa nimegundua kwamba mkia ule ukiukazia macho unafifia, na ukitazama kando yake kidogo unang'aa. Nikakishika kichwa chake kwa mikono miwili, nikakigeuza polepole. Mkono wake ukanibana ghafla.

"Kumbe ndiyo hii," alisema. "Kitu kizuri hivi, na walinifunika ngozi."

Akasimama, akavua kofia, akapaza sauti kuelekea bondeni akiwaita wale wazee wa zamani kwa majina, wote marehemu, akiwaambia kwamba ameiona, yote, mpaka ncha ya mkia. Mbwa wakabweka. Milango ikafunguliwa. Manga nzima ikatoka nje kumtukana, ikainua macho, ikanyamaza.

Kwa hiyo, mwanangu, ukisafiri kwenda kutafuta kitu cha angani, waulize wanaotembea saa hiyo, si wanaolala saa hiyo. Panda juu kuliko ukungu. Zima taa, na moto upe mgongo. Vaa nguo nzito kwa sababu utakaa sana. Usiweke safari ya usiku mmoja, na usipoona, sema hukuona. Nenda salama, mawingu yakupishe, na Mungu asiyafumbe macho yako kabla hujaona ulichonyimwa.

Nyumbani tulifika jua likiwa limepanda. Kwetu mke hazungumzi ovyo na baba mkwe wake, wala mzee hausogelei mlango wa mke wa mwanawe, kwa hiyo maneno yao hupitia kwangu. Sokoro alisimama mbali, karibu na ghala la wimbi, akanisimulia mimi niliyekuwa naye urefu wa mkia ule, kwa sauti ya kumfikia aliyetakiwa kusikia. Mama alikuwa ametupa mgongo, anapepeta. Nilijua nitagombezwa kwa kumpeleka mzee kwenye baridi. Mzee alipomaliza, mama akaweka ungo chini.

"Mwambie babu yako uji wake uko tayari," alisema. "Na kesho atangulie, mimi nitafuata kwa mbali, anionyeshe. Wewe utabaki na ng'ombe."