Tumbo la Klachi Liangalie Mombasa

Wale mlikuwa kwa harusi ya msichana wangu mnaweza kwenda kuangalia ng'ombe, hii mnaijua, na najua ni nyinyi mmeieneza mpaka Masinga, kwa sababu muuza samaki wa huko aliniuliza juzi kama mimi ndiye yule mzee wa kuzunguka kanisa. Hawa wengine kaeni niwaambie mwenyewe. Ile video iko kwa simu za watu imekatwa mwanzo, na bila mwanzo naonekana mjinga kuliko vile nilikuwa.

Kwanza mjue mimi si mtu wa kufundishwa gari. Shule niliacha darasa la sita nikaingia gereji ya Mzee Nthenge, kando ya barabara kuu ya Mombasa, pale chini ya vilima vya Lukenya, na kwa hiyo mikono tu, bila cheti hata kimoja, leo niko na malori yangu ya kubeba kokoto na niko na nyumba ya ghorofa hapa Machakos ambayo mkipita mnaiona hata kama hamtaki. Klachi za lori nimefungua nyingi kuliko suti ambazo mmevaa. Tulikuwa tunateremsha giaboksi kwa kamba na gogo, mimi na Mutiso, rafiki yangu wa tangu huko, tukiimba ili tuvute pamoja, halafu tunakula muthokoi kwa kifuniko cha sufuria na mikono bado inanuka oili, na nawaambia sijawahi kula chakula tamu hivyo tena, hata kwa hoteli ambazo wanakuwekea kitambaa magotini.

Sasa, gari yenyewe. Ni ile ya buluu ya turbo, ya mbio, niliinunua kwa kijana fulani wa Syokimau aliyekuwa anahamia ng'ambo. Mke wangu alipoiona alisema, "Baba Mwende, hii ni gari ya watoto." Nikamwambia mimi nilipokuwa mtoto sikuwa na gari, kwa hivyo sasa ndio nakuwa mtoto.

Na Mwende ndiye msichana wangu wa pekee. Alipokuwa mdogo nilikuwa nambeba kwa lori Jumamosi, anakaa katikati yangu na utingo, miguu haifiki chini, na siku moja tukitoka machimbo ya mawe alitaka kujua nani atampeleka kanisani akiolewa. Nikamwambia ni mimi, kwa gari yangu, kwa mikono yangu. Hakusahau. Alipokuja kutuambia tarehe alisema, "Na dereva si ninaye."

Wiki ya harusi klachi ikaisha. (Ilikuwa imeisha kitambo, ni vile mguu wangu wa lori haujui kutoka kwa pedali.) Napanda mlima, injini inapiga kelele kama mkutano wa siasa, gari inatembea kama mtu anatoka matanga, na ile harufu ya kuungua inaingia ndani mpaka unaionja. Mama Mwende akasema nipeleke kwa fundi. Ndugu yangu akasema nipeleke kwa fundi. Na mimi nikafikiria, watu wakisikia nimelipa mtu anifungulie klachi, uso nitauweka wapi? Nikanunua pleti, nikanunua presha pleti na beringi yake na sili ya mafuta, flaiwili nikaipeleka ikachongwa, nikavaa ovaroli yangu ya zamani (haifungi tena tumboni) nikaingia chini ya gari hapo kwa uwanja wa nyumbani, na kusema kweli nilikuwa na furaha kama siku ile Mzee Nthenge alinipa spana yangu ya kwanza.

Pleti ya klachi, kwa wale hawajui, ni kama sahani. Upande mmoja uko bapa, upande wa pili umefura katikati kama tumbo ya mtu ameshiba. Ukiigeuza visivyo inaingia tu, haikatai, na hapo ndio ubaya wake. Imeandikwa kwa Kizungu upande upi uangalie wapi, maandishi madogo madogo, lakini sikusumbuka nayo, kwa sababu mimi nilifundishwa kwa mdomo. Mzee Nthenge mwenyewe hakujua kusoma. Alikuwa analala chini ya lori, anatoa mkono nje, anasema pole pole, "Vijana, tumbo liangalie Mombasa." Miaka yote hiyo, lori yoyote, tumbo liangalie Mombasa, na hakuna klachi yetu ilirudi.

Basi nikatoka chini ya gari nikasimama uwanjani. Jua lilikuwa linaelekea vilima vya Mua, kwa hivyo nikalipa mgongo, Mombasa ikawa mbele yangu, kidogo mkono wa kulia. Nikarudi chini nikaliangalisha tumbo huko sawasawa, kama mtu anatafuta kibla, nikafunga kila kitu. Nikawasha bila kuingiza gia. Ikanguruma vizuri mpaka kuku wakahama.

"Itoe hata mpaka kwa geti tuone," Mama Mwende akasema.

"Nitaitoa kesho. Nimeshaiosha."

Asubuhi Mwende akaingia nyuma peke yake, ile gauni ikajaza gari mpaka kwa vioo, shangazi zake wanaimba, magari mengine yamepangwa nyuma yetu, yakiongozwa na ya ndugu yangu. Nikakanyaga klachi, nikasukuma gia. Ikalia kama posho mill imemeza jiwe. Nikajaribu tena, ikalia zaidi, na shangazi mmoja akaacha kuimba.

Mama Mwende akainama kwa dirisha. "Mtoto ahamie gari ya baba yake mdogo."

"Mtoto haendi popote."

Madereva wa lori mnaelewa. Klachi ikikufia njiani unazima, unaweka gia, unapiga starter, gari inaruka kama mbuzi na unaenda, halafu gia zingine unazibadilisha kwa kusikiliza injini. Hiyo naijua kuliko sala. Shida ni moja tu, ukisimama inazima, na ukiiwasha inaruka tena. Lakini nikaona ni afadhali hiyo, nikapiga starter, tukaruka, maua yakaanguka kutoka kwa boneti, na tukaenda.

"Baba, mbona hatupunguzi kwa matuta?"

"Tumechelewa."

"Baba, tuko mapema."

Kwa raundabauti nikawapungia askari mkono kama mheshimiwa, na kwa bahati wakadhani ni msafara wa mtu mkubwa, wakanipisha. Sasa kanisani. Uwanja umejaa, kwaya iko tayari, akina mama wametandika leso chini bibi harusi akanyage, wakwe kutoka Syokimau wamejipanga na suti, padri kwa mlango. Nikifika pale nizime, tutatupwa mbele, msichana wangu ashuke na taji imekaa kwa pua. Nikasema nizunguke kanisa kidogo nitafute akili. Nikapiga honi, nikasalimia, nikapita.

Kwaya walikuwa wameanza wimbo. Wakaumaliza sisi tuko nyuma ya choo.

Tuliporudi mbele wakaanza tena, akina mama wakakunja leso, nikapita, wakatandika. Vijana wa bwana harusi wakatoa simu. "Mzee, niaje, unaturingia ama breki imeenda?" Nikasikia mama mmoja wa upande wa wakwe akisema, "Huyu mzee amebadilisha nia." Na hapo ndipo mambo yaliharibika, kwa sababu wakwe wetu ni watu wa heshima, na wakajua baba wa Kikamba akikataa kuachilia msichana ni ntheo haijakamilika, zile mbuzi za kuomba mke. Mjomba wa bwana harusi, mtu mnene, mtu wa ofisi, akaanza kukimbia kando ya gari, tai imemrukia begani.

"Mkwe, kama kuna mbuzi imebaki tutaleta. Tafadhali simama."

"Si mbuzi," nikamwambia.

Akabaki nyuma, na nikamsikia akiwapelekea habari wenzake: "Amesema si mbuzi. Basi ni ng'ombe."

Nikaangalia kioo nimwombe Mwende msamaha. Alikuwa amefunika uso kwa ile shela na mabega yanatingika, nikajua nimeharibu siku yake. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka rangi ya macho ikamwagika. Halafu tukikaribia mbele ya kanisa akasema kwa sauti ya chini, "Baba, zunguka tena."

"Kwa nini?"

"Nikishuka nimeshuka."

Tukazunguka. Hiyo moja niliiendesha pole pole vile gia inakubali. Yeye aliangalia nje kama vile alikuwa anaangalia kwa lori, kidevu kwa mkono, na mimi nikaangalia kioo kuliko njia, ndiyo maana niliona hema la wageni nikiwa nimeshalifikia. Nikazima. Gari ikaruka mara ya mwisho, ikakata kamba, na lile hema likashuka taratibu likakalia boneti kama kuku anakalia mayai. Padri akaja mpaka kwa dirisha akauliza kama sasa tunaweza.

Wakati wa chakula Mutiso alikuja kukaa karibu nami. Siku hizi anafuga mbuzi zake na hatuonani sana. Akauliza tu, "Tumbo uliliangalisha wapi?"

"Mombasa."

"Mombasa gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole, upande wa mashariki, kidogo kulia. Aliweka sahani chini. "We Kimeu. Pale gereji lori zote ziliingia zikiangalia Nairobi. Mombasa ilikuwa nyuma, kwa giaboksi. Mzee alikuwa anasema liangalie giaboksi. Na hii yako injini imelala kwa upana, giaboksi iko kando, wewe umeliangalisha kwa flaiwili, upande wa injini, klachi itaachia aje?"

Tulicheka mpaka wakwe wakageuka. Halafu hatukucheka tena. Mutiso akaniuliza kama nimepita pale karibuni, nikamwambia napita kila siku na malori, kuna ghala kubwa sasa ya mabati ya buluu, na hata sijui mlango wa gereji ulikuwa wapi. Akasema yeye anaujua, ulikuwa pale Mzee alikuwa anaanika ovaroli yake. Tukabishana hapo kidogo.

Jumatatu nilipeleka gari kwa fundi mjini na kukaa kwa benchi nikiwa nimenyamaza, na wanaonijua wanajua hiyo kwangu ni adhabu. Nimeapa mbele ya Mama Mwende kwamba klachi ya gari ya kubeba mtu wetu sitaigusa tena. Kuzunguka kanisa sikuapa chochote, na hakuuliza.