Daktari wa Mionzi

Muuguzi Marietha alimjua daktari yule kwa mikono yake. Miaka saba ng'ambo daktari alikuwa ameizoeza kuunguza saratani kwa mionzi, kisha kuhesabu seli zilizobaki hai. Hapa Singida, mwaka ule watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, mashine ya mionzi haikuwapo; palikuwa na hadubini moja tu. Kila asubuhi alifuta kioo chake kwa pindo la shati, akakata kipande cha nyama ya mgonjwa, chembamba kama ganda la kitunguu, akakitia rangi, akainama kutazama. Akiziona zile seli mbaya, anapangusa vidole kimoja kimoja kana kwamba vimelowa.

Siku moja alipangusa vidole, akatoka kwenda kwa mama mmoja mtu mzima wa Iguguno aliyekuwa akingoja kwenye benchi. Uvimbe wa titi ulikuwa umeshafika kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Niambie tu. Mvua zimekaribia. Nipande mtama, au nisijichoshe?"

Daktari aliketi kando yake. "Panda, mama."

Mama alishukuru, akajitanda kanga yake, akaenda zake. Marietha hakuwahi kumsikia daktari akimdanganya mgonjwa, akamfuata ndani.

"Kweli atavuna, daktari?"

"Hatavuna," alisema. "Nimeona seli zake zinavyogawanyika. Lakini mtama huchipua upesi, Marietha. Ukichipua, atauona."