Bibi Aliyefagiwa

Aliya, muuza mawese wa soko la Rumonge, hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Mdomo wake ulimletea wateja na ukamfukuzia wengine, naye hakujali. Lakini hasira aliyokuwa nayo mwaka ule ziwa lilipopanda haikuwa ya sokoni. Ilikuwa hasira ya ndani ya nyumba, ile inayomfanya mtu akoroge chai mpaka ipoe.

Maji ya Ziwa Tanganyika yalikuwa yamekwisha kumeza nyumba za ufukweni, na sasa yalilamba ukingo wa makaburi ya zamani ya ukoo wao. Shehe alitoa ruhusa wafu wahamishwe. Baba yake mdogo, mzee Salmin, mwenye duka la vitambaa na mwenye neno la mwisho katika kila jambo, aliita kikao akatangaza kwamba atahamishwa babu Ghanim, yule aliyetoka Omani, apelekwe kwenye kiwanja chao cha Gatete, juu, mbali na maji.

"Na bibi Mwavita?" Aliya aliuliza.

"Nani?"

"Mwavita, baba mudogo. Bibi yako mwenyewe. Mama ya baba yako."

Salmin aliiweka sawa kofia yake. "Yule alikuwa suria tu, mutu wa ng'ambo, Kongo kule. Tena kaburi yake haijulikani."

Haijulikani! Hebu msikieni. Haijulikani kwa sababu ya nani?

Kwa miaka mingi Aliya, kila alipopata nafasi, alikuwa akiwaendea wazee na simu yake, huyu kijijini Minago, yule Bugarama, akiwaomba waseme naye arekodi. Wengi walimpa habari za Ghanim: ndevu zake, kanzu zake, bunduki yake. Aliyempa habari za Mwavita ni mmoja tu, shangazi Malak, dada mkubwa wa Salmin, ambaye sasa naye ni marehemu. Malak alisimulia kwamba Mwavita alivuka ziwa akiwa msichana, kutoka Ubwari, upande wa Kongo, akaolewa kwa ndoa yenye mashahidi. Ghanim hakuwa na afya, na aliyewalea watoto wote kwa kuanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, juani alikuwa Mwavita. Alipokufa, binti zake walimfanyia kama walivyofanya watu wa kwao: walifukia chungu cha maji kichwani pa kaburi, shingo tu ikabaki juu. Kila Shaaban, kabla ya mfungo, wanawake wa ukoo walikwenda kukijaza maji. Katika makaburi yale yote hapakuwa na chungu kingine.

Kisha, miaka kadhaa kabla ziwa halijapanda, wakaja wageni kutoka Maskati, kule Omani, jamaa wa mbali wa Ghanim, kutafuta kaburi la mzee wao. Salmin akashikwa na homa ya aibu. Wageni wasije wakaona chungu cha kishenzi makaburini! Aliweka vibarua wakafyeka, wakavunja shingo ya chungu, wakafagia vigae pamoja na mawe yote ya alama, pakabaki peupe kama uwanja wa mpira. Kesho yake Salmin alisimama katikati, akakuna kichwa, akanyoosha kidole: hapa ndipo alipo babu. Pakamwagwa saruji, zikabandikwa karo nyeupe, marumaru za sakafuni. Wageni walilia, wakapiga picha, wakaenda zao. Malak alikuwa kitandani, hawezi kuinuka. Aliposikia, alilia na yeye, ila hakuna aliyempiga picha.

Ndiyo maana kwenye kikao kile Aliya alisimama.

"Ulimufagia kama takataka, halafu unasema haijulikani?"

"Aliya, adabu!"

"Adabu uliifagia pamoja naye!"

Siku ya kufukua, wanawake waliambiwa wabaki nyumbani. Aliya alikwenda. Alisimama kando, kitenge kakifunga kiunoni, na hakuna aliyethubutu kumrudisha. Alitaka aone kwa macho yake jinsi wanavyomwacha bibi yake amezwe na maji. Hamidu, mchimba makaburi, alivunja saruji kwa nyundo, akaanza kuchimba upande wa kichwa. Shimo likiwa bado la magoti, sepeto liligonga kitu. Hamidu aliinama akafuta udongo kwa mikono.

"Muzee, iko chungu hapa. Nzima, shingo tu ndiyo imevunjika."

Salmin alikitazama chungu, akazitazama karo, akatafuta pa kukaa asipaone. Aliya alidhani atacheka, lakini hasira ilimpanda mpaka macho yakaingia ukungu. Miaka yote ile Yasini, ubani na machozi ya wageni vilimwagwa juu ya Mwavita, na vyote kwa jina la mumewe!

"Aliya, mutoto yangu," Salmin alisema kwa sauti ndogo. "Wewe ulizunguka kwa wazee. Sasa babu iko wapi?"

"Mawe yake ulifagia pia. Mimi nitajuaje?"

"Hakuna mutu alikuambia?"

"Waliniambia ndevu. Waliniambia bunduki. Kaburi, kila mutu alisema Salmin anaijua."

Salmin alijifuta uso. Kisha akamsogelea Hamidu, akanong'ona, lakini Aliya alisikia kila neno: chungu kitolewe, kitupwe ziwani, huyu huyu apelekwe Gatete kwa jina la babu. Watu wa Maskati watajua wapi?

Aliya alishuka shimoni na kitenge chake, akapiga magoti, akakikumbatia chungu.

"Ukimwita huyu Ghanim mara ingine, baba mudogo, unifukie na mie humu humu."

Hakuna aliyemsogelea. Mwishowe watoto wa Salmin wenyewe, nyuso chini, walichukua majembe bila kumwuliza baba yao. Walifukua uwanja wote, kaburi baada ya kaburi, kwa kuwa babu angeweza kuwa katika lolote, maji yakiwa karibu kuwafikia miguuni. Kila mmoja alifungwa katika shuka yake nyeupe, wakapandishwa Gatete, wakazikwa upya kwa mstari.

Fundi wa mawe alikuja na patasi yake kuuliza majina. Salmin alimwonyesha Aliya kwa kidole.

"Huyu wa kwanza, andika Mwavita," Aliya alisema. "Jina ya baba yake usiandike, hakuna mutu aliwahi kuuliza."

"Na hawa wengine, mama?"

Aliya alimtazama baba yake mdogo mpaka mzee akainamisha kichwa.

"Hawa wengine," alisema, "hatuwajui."