Mama Odette na Chumvi Isiyoonekana

"Mama Odette, kumbe maji nayo inapata homa?"

Ndivyo alivyouliza jirani yake, Marie-Jeanne, siku ya kwanza alipomwona akichovya kapimo kadogo ka umeme kwenye glasi ya maji na kutulia kama nesi anayesubiri kipimajoto. Odette alicheka mpaka akakaa chini. Hiyo ilikuwa 2010. Leo, miaka mitatu baadaye, wasusi wa saluni ya jirani wakipita mlangoni bado huuliza, "Mgonjwa ameamkaje?"

Leo mgonjwa ameamka vizuri. Saa moja kasoro asubuhi, katika duka la maji ya kunywa chini ya ghorofa moja ya mtaa wa South Beach, Odette anasuuza kipimo, anakichovya, anangoja namba itulie. Kumi na nane. Anaiandika, anafanya ishara ya msalaba, anafungua mlango.

"Ya bomba iko mia mbili na kitu," anasema. "Ikipita kwenye chujio inashuka. Siku nikiona hamsini, najua chujio imechoka. Sifungui, hata bosi aseme nini."

Odette ni mjane wa miaka hamsini na mbili kutoka Bukavu, aliyeishia darasa la sita. Aliingia hapa kufagia. Fundi wa chujio ndiye aliyemfundisha kupima. Kwa mwezi anapata rand elfu mbili na mia nane, na anasema zinamtosha yeye na binti yake.

Kipimo, anaeleza, hupitisha umeme kidogo sana ndani ya maji. Maji matupu huukataa. Chumvi na madini yaliyoyeyuka ndiyo huubeba, na yakizidi, namba hupanda.

"Lakini vijidudu haivioni. Vijidudu vina taa yake ya kuviua, na kila mwezi chupa moja inaenda maabara. Mtu akuambie namba ndogo basi maji safi, huyo anasema asichokiona."

Anachotamani ni kipimo chake mwenyewe. Mwakani, Mungu akipenda, atawafundisha akina mama wa parokia kukisoma, wasitishwe na namba wala kudanganywa nayo.

Saa tatu anaingia Papa Urbain, kiongozi wa kikundi cha maombi cha ghorofa hiyo. Amebeba kidumu na bunda la lebo zilizokwisha kuchapwa: MAJI YA NGUVU. Wiki iliyopita Odette alimpimia maji ya kidumu hicho mbiombio, wateja wamejaa, kikasoma elfu mbili mia tatu. Tangu hapo Papa Urbain hana usingizi kwa furaha.

"Mama, ya kwako kumi na nane, ya maombi elfu mbili. Iko na umeme ndani. Niandikie tu namba, upige mhuri wa duka."

"Papa, kabla ya kuombea mnatia nini?"

"Chumvi. Si kama siku zote?"

Odette anatupa jicho kwenye benchi. Marie-Jeanne amekaa pale akingojea galoni yake. Ana presha, daktari amemkataza chumvi, na kwa imani amekwisha kunywa chupa mbili za maji hayo. Kwa upande mwingine, kikundi cha Papa Urbain hununua maji hapa kila Jumamosi. Akinuna, wateja ishirini watamfuata, na bosi atataka kujua kwa nini.

Odette anajaza glasi, anachovya kipimo. "Soma, Papa."

"Kumi na nane."

Anatoa chumvi anayonyunyizia yai lake la asubuhi, anatia kiasi cha vidole viwili, anakoroga. Namba inakimbia. Elfu mbili na mia moja.

"Na hapa hakuna aliyeomba," anasema taratibu. "Mimi pia nasali, Papa, unanijua. Ombea watu. Lakini usiwanyweshe chumvi, na mhuri sipigi."

"Donc, yaani mimi nimekuwa nakunywa mchuzi," anasema Marie-Jeanne.

Papa Urbain anaitazama namba, anazitazama lebo zake. Kisha anasukuma bunda upande wa Odette, "Zitupe, Mama," anabeba kidumu chake na kutoka.