Mayai ya Watu na Chipu Mpya

Mimi ni mtu wa kushuku, wala sioni haya kusema hivyo. Muuza duka akinichekea sana, naangalia tena alichonifungia. Kwa hiyo chipu niliyoizoea ilipoadimika, na muuzaji wa Arusha akaniambia kwa simu kwamba ipo mpya, "ile ile tu fundi, ila ina kasi zaidi," nilijua kuna jambo.

Kazi yangu hapa Karatu ni kutengeneza mashine za kutotolesha vifaranga. Chipu ndiyo ubongo wake. Inasoma joto, inawasha balbu, na kila saa inaamuru mota iviringishe mayai mbele au nyuma ili kifaranga asigande kwenye ganda. Ile mpya niliikagua kwa lenzi, vimiguu vyake vya chuma kimoja kimoja, nikitafuta dalili ya maandishi yaliyofutwa na kuchapwa upya, kama wafanyavyo wauza chipu bandia. Sikuona kitu, na hilo likanitia wasiwasi zaidi. Nikaipakia programu yangu ya zamani, nikaiwasha mezani bila mayai, nikasikia mota inanguruma. Mashine ikaenda kijijini Endabash.

Aliyeichukua alikuwa mama mmoja mjane. Wanawake saba wa pale, yeye akiwamo, walikusanya mayai yao kwake, kila mmoja akachora alama yake kwa mkaa ili yakiharibika ijulikane ni ya nani. Siku ya tisa akanipigia.

"Fundi, hizi alama zinanitazama mimi tu, asubuhi na jioni. Mayai hayageuki."

Nilimwambia nakuja, lakini moyoni nilishamhukumu: huyu anafungua mlango kila dakika kuchungulia, au amevuta waya. Njia nzima juu ya bodaboda, matope mekundu yakinirukia hadi magotini, nilikuwa napanga maswali ya kumnasa.

Aliyajibu yote bila kusita, na hilo nalo sikulipenda. Shaka yangu ikahamia kwa muuzaji. Nilimpigia pale pale kwa sauti kubwa, nikamwita tapeli mbele ya mama na jirani yake aliyekuja kuangalia mayai yake. Jirani hakunitazama mimi. Alimtazama yule mama kwa jicho ambalo nililitambua mara moja, maana ndilo jicho langu. Kisha akaondoka bila kuaga.

Nikaketi kusubiri mota iwake, simu mkononi nipime muda. Ilipaswa kuzunguka sekunde ishirini. Ilizunguka tano. Mayai yalijitikisa kidogo, basi.

Hapo nikaelewa. Miaka ile nilipoandika programu niliona uvivu kutumia saa ya ndani ya chipu kila mahali. Kwenye kipande cha programu kinachozungusha mota niliiamuru tu chipu ihesabu namba hadi mwisho, kwa sababu nilijua kuhesabu huko kunachukua sekunde ishirini. Chipu mpya ilihesabu namba zile zile, ila haraka mara nne. Muuzaji alikuwa ameniambia ukweli tangu siku ya kwanza. Programu sikuifungua hata mara moja kuikagua, kwa kuwa ilikuwa yangu.

Tuliingia chumba chenye giza tukapima mayai kwa tochi, moja moja. Mengi yalikuwa yameshakufa ndani. Niliona aibu kubwa, nikamwambia mama kosa ni la nani.

"Anza na yule uliyemtukana," akasema. "Halafu wenye mayai tuko saba. Wale sita utawaambia mwenyewe. Mimi hawataniamini."

Muuzaji alikata simu kabla sijamaliza kuomba radhi. Nyumba ya kwanza ikawa ya yule jirani. Nilimweleza yote: uvivu wangu, chipu, zile sekunde tano. Alinisikiliza huku akipukuchua mahindi, wala mikono haikusimama.

"Haya, fundi, nimekusikia," akasema. "Rudi kamwambie aliyekutuma uje kumbebea kosa lake kwamba umefika."