Maximilla na Kanisa Lenye Mgongo wa Mviringo

Jua halijachomoza sawasawa Heru Juu, na Mama Maximilla tayari yuko juu ya ngazi, kiganja kimejaa udongo wa kichuguu, anaushindilia ndani ya ufa kwa kidole gumba. "Meza, mzee wangu, meza," anaubembeleza ukuta, kama anayemlisha mgonjwa uji.

Mgonjwa mwenyewe ni kanisa. Mjane huyu ndiye mfagizi wake, na malipo yake ni mche wa sabuni na, msimu ukikubali, debe la maharage.

Kwa mbele, kanisa limenyooka kama makanisa mengine ya misheni. Hebu zunguka nyuma sasa! Ukuta wa altareni umejikunja duara, kama nyumba ya msonge ya Waha. Padri aliyelichora alitaka pembe nne, ila homa ikamwangusha, akapelekwa Kigoma. Mafundi, baba yake Maximilla akiwemo, wakaendelea kujenga walivyozoea.

"Padri aliporudi alishika kichwa!" ananisimulia mimi mgeni wake, akicheka hadi ngazi inatikisika. "Baba akamwambia, Padri, humu shetani hana kona ya kujificha."

Mvua za mwaka jana ziliupasua ukuta huo. Kamati ya kanisa ikaamua ubomolewe, ujengwe mwingine wa saruji, ulionyooka. Maximilla alilia mkutanoni bila aibu. Kisha akaingia sakristia, akatoka na kalenda yenye picha ya kanisa kuu la Ulaya, la karne nyingi zilizopita.

"Tazameni mgongo wake," akasema. Mviringo mtupu.

Mwenyekiti Pasikali akakuna kidevu. "Haya, mama, ziba. Lakini mvua zikiufungua tena tunabomoa, na usije ukanililia."

Na mvua zi karibu. Kwa nini basi ahangaike hivi? Anashuka, ananyoosha mkono kuelekea kijiji kipya ambako serikali iliwahamishia wanakijiji mwaka juzi, 1974. Nyumba za pembe nne zimepangwa mstari mmoja. Misonge yao ya zamani imeporomoka huko porini, yote.

"Mimi nilizaliwa kwenye mviringo," anasema. "Mke wa mwanangu, Esteri, atajifungua mwezi ujao, kwenye pembe nne kule. Sawa, serikali imesema. Ila huyo mtoto nataka abatizwe humu, ajue bibi yake katoka nyumba ya namna gani. Kwa hiyo niache nizibe, mwanangu. Wingu lile linakuja."