Siku Niliyosifu Gemu ya Nyoka Kanisani

Kuna mlio mmoja nikiusikia, mkono wangu huacha chochote ulichoshika. Ni mlio wa gemu wakati mchezaji anapokufa. Unashuka polepole, kama mtu aliyechoka anayeteremka ngazi. Juzi nilikuwa jikoni hapa kwangu Kajiado nakata sukuma wiki, na kitinda mimba wangu alikuwa sebuleni na simu yake. Mlio ukalia. Kisha sauti ya kijana fulani kwenye simu ikaanza kulalamika kwamba gemu hiyo mpya ni takataka, waliotengeneza walikuwa wamelala, na mwingine akamjibu kwamba yeye ndiye hajui kucheza. Matusi yakafuata. Mwanangu akaniambia siku hizi hiyo ni kazi: mtu anacheza gemu, halafu anaambia wengine kama ni nzuri au mbaya.

Kazi hiyo mimi niliifanya nikiwa na miaka kumi na moja, pale Kitengela, na ndiyo ilinitoa shule darasa la tano.

Kitengela ya wakati huo haikuwa hii ya maghorofa. Ilikuwa safu ya maduka kando ya barabara ya Namanga, na vumbi la simiti lililokuja na upepo likatua kwenye nguo zilizoanikwa. Nyuma ya bucha kulikuwa na chumba cha mabati cha Gitau, kijana ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umepooza tangu utotoni. Dada yake alikuwa mfanyakazi wa nyumba Nairobi, na huko walimpa televisheni ya zamani na kisanduku cha gemu ambacho watoto wa tajiri walikuwa wamekichoka. Gitau akaviweka juu ya meza, akaweka benchi mbili, na hiyo ikawa biashara. Chumba kilinuka vumbi linaloungua nyuma ya televisheni, jasho la wavulana, na mafuta ya mbuzi kutoka kwa jirani. Mpaka leo sijanusa manukato ya kushinda hayo.

Mimi nilikuwa msichana pekee. Niliingia kwa sababu ya mdomo wangu. Kaseti mpya ya gemu ikija, Gitau alinipa mimi nicheze kwanza, halafu nisimame mlangoni niwaeleze waliokuwa wakingoja nje gemu ina nini. Hakuwa na bango. Mimi ndiye nilikuwa bango lake. Na sikumsaidia kudanganya. Gemu mbaya nilisema ni mbaya, hata yeye akiwa ananikazia macho. Ile ya ndege nilisema ni ya watoto wa nasari. Ile ya ngumi nilisema ni nzuri lakini kuna jamaa mmoja wa mkanda mwekundu hapigiki, ni wizi tu.

Halafu ikaja ya magari. Wavulana waliipenda kama wazimu, na aliyeipenda zaidi ni Josphat, mtoto wa Mama Josphat, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu. Nikaicheza mara tatu. Nikatoka mlangoni nikasema, "Hii msipoteze wakati. Gari haina breki, na barabara ni ile ile inajirudia. Mti ule ule, nyumba ile ile. Mnazunguka kama punda wa kisima."

Wengi walicheka. Josphat hakucheka.

"Msichana anajua nini ya gari?" akasema. "Nyinyi kwenu gari mnaonanga ikipita. Rudi ukakamue ng'ombe."

"Hata ng'ombe akifika kona anapunguza mwendo," nikamwambia. "Hiyo gari yako haina akili ya ng'ombe."

Wakamcheka mpaka akatoka nje. Tangu siku hiyo wakamwita Punda wa Kisima, na wateja wa gemu ya magari wakapungua. Mimi nilifurahi. Nilidhani mtu akishindwa kwa maneno, mambo yameisha. Wazee wetu husema jeraha la mdomo halina dawa, lakini nilidhani wanazungumzia midomo ya watu wazima.

Josphat hakunijibu. Alienda akamwambia mama yake kwamba Nashipae, yaani mimi, nafundishwa mambo ya shetani katika chumba cha Gitau.

Miaka ile hofu ya mashetani ilikuwa imeingia kila mahali. Ukiwa na pete ya ajabu watu wanahama njia. Mama Josphat alipeleka habari kwa Mchungaji Elisha, na Mchungaji akasema Jumapili mtoto aletwe mbele atoe ushuhuda. Shule yetu ilikuwa ya kanisa. Neno la Mchungaji ndilo lilimweka mtoto darasani au kumtoa, na mama yangu, ambaye tulimwita Yeyo, alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Aliuza maziwa, hakuwa na mume, na mahali pengine pa kunipeleka hapakuwepo. Asubuhi ya Jumapili alinipaka mafuta miguu mpaka ikang'aa. "Sema ukweli wote," akaniambia. "Usiache kitu, ndio wasikutoe shule."

Nikasema ukweli wote. Sijui kama mtu amewahi kutii mama yake zaidi ya nilivyotii siku ile.

Mchungaji aliniuliza nilicheza nini. Sasa, wiki chache kabla Gitau alikuwa amepata gemu ambayo mimi niliiona kuwa bora kuliko zote, na sijabadilisha mawazo. Kulikuwa na mtu mdogo mwenye taa, uhai wake unahesabiwa kwa mioyo juu ya skrini, anashuka chini ya ardhi kutafuta dada yake, na huko chini kuna nyoka. Nilisimama mbele ya madhabahu nikaona nyuso zote zimenigeukia, kimya, na mimi nikiona nyuso zimenigeukia nilikuwa na sauti moja tu, ile ya mlangoni kwa Gitau. Basi nikaanza.

"Unashuka chini kabisa kwa giza," nikasema. "Unamkuta nyoka wa vichwa saba. Anatema moto. Mimi alinichoma nikakufa, lakini ukikufa unafufuka. Nilifufuka mara mbili."

Mama mmoja alishika kifua. Nilidhani ameguswa na utamu wa hadithi, nikaongeza bidii.

"Na ulimshinda aje huyo nyoka?" Mchungaji akauliza, polepole.

"Unampa moyo wako. Uko na mioyo mitatu, unampa moja, anakuwacha unapita."

"Na wewe ukampa?"

"Ndiyo."

"Na ulipenda?"

"Sana," nikasema. "Ni nzuri kuliko zote. Kila mtu hapa anafaa ajaribu."

Kanisa lilipiga kelele ambayo sijaisikia tena. Mchungaji akainua mkono, wakanyamaza, akaniuliza ni nani mwingine huingia katika chumba hicho. Nikawataja wavulana, mmoja baada ya mwingine, na Josphat wa kwanza, nikitarajia watapanda wanisaidie kueleza. Mama zao waliwaziba midomo. Nikamtafuta Yeyo kwa macho. Alikuwa benchi ya pili, anaangalia viatu vyake, na shuka aliyovaa ameikunja ndani ya ngumi mbili. Nikajua nimemwaibisha.

Walienda kwa Gitau wakiimba. Walibeba televisheni, kisanduku na kaseti zote mpaka uwanja nyuma ya kanisa, wakawasha moto. Wavulana ambao wiki nzima walikuwa wakisukumana kushika padi ya kuchezea ndio walikuwa mbele wakirusha mawe kwenye mabati. Gitau alikuwa amekaa chini, mguu wake mbovu ameunyoosha, anarudia, "Jamani, ni mchezo. Jamani, si ni mchezo tu." Nilijaribu kupita niseme vile vile, Mama Josphat akanishika sikio akanirudisha. Na nikiwa nimeshikwa hivyo nikamwona Josphat akiinama kwenye rundo, anachukua kaseti ya magari, anaiingiza ndani ya shati. Akaniangalia. Nikafungua mdomo, na hakuna mtu aliyekuwa akinisikiliza tena.

Mimi niliwekwa siku tatu katika stoo ya kanisa, bila chakula, nikiombewa. Walikuwa wakinimwagia mafuta na kunikandamiza kichwa mpaka shingo ikafa ganzi, wakiniambia nyoka atoke. Siku ya tatu nikawaambia ametoka. Nilipofika nyumbani nikawainamia wazee kichwa wakiguse, kama watoto wetu wanavyosalimia, na hakuna mkono uliogusa nywele zangu. Kesho yake Mchungaji Elisha akafuta jina langu shuleni. Yeyo alikuwa tayari amefunga nguo zangu kwenye leso. Hakubishana, hakumwendea mtu kuomba. Nilipelekwa Bisil kwa shangazi, nikachunga mbuzi wake mpaka nikaolewa, na kusoma kwangu kuliishia pale. Haya maandishi mnayoyaona nimeyajifunza ukubwani, nikisoma Biblia kwa hasira.

Nimewataja kwa majina kwa sababu wao walinitaja kwa langu: Elisha, Mama Josphat, Josphat. Na nimeishi nao hivyo, orodha ya watu watatu nisiowasamehe, miaka yote. Wale vijana wa kwenye simu hawanishangazi. Wanaolaani gemu zaidi ni wale ambao hawajaishika, na anayeambiwa ukweli juu ya kitu anachokipenda hatajibu juu ya kitu hicho, atakutafuta wewe.

Halafu, miaka michache iliyopita, siku ya soko la mifugo hapa Kajiado, nikamkuta Gitau. Anatengeneza redio chini ya mwavuli, ana mvi. Nilimwomba msamaha. Akasema mtoto haombi msamaha, akanipa kiti. Akauliza Yeyo yuko aje, nikamwambia tulimzika.

"Pole," akasema. "Mama yako alikuwa mkali kwa gemu kukuliko."

Nikamwambia amesahau, huyo ni mtu mwingine.

"Nisahau aje? Alikuwa anakuja asubuhi, nyinyi mkiwa shule. Akimaliza kuuza maziwa anafunga mlango kwa ndani, ananiambia, Gitau, niwekee ile ya nyoka. Alikuwa anasema nyoka ni rahisi, kazi iko kwa yale maji ya kabla ya nyoka."

Sikuwa nimewaambia watu wa kanisa habari ya maji. Sikuwa nimemwambia mtu. Yeyo angeyajua tu kwa kucheza.

Kwa hiyo siku ile, Mchungaji alipouliza nani mwingine huingia, Yeyo hakuwa anaona aibu kwa sababu yangu. Alikuwa anangoja kusikia jina lake. Angesimama aseme ni mchezo, nimeucheza, pengine ningebaki darasani. Pengine pia tungefukuzwa, tukalala njiani sote wawili. Nguo zangu alizifunga haraka ili niende mbali kabla sijajua kwamba naye anacheza, nikalitaja jina lake.

Nimejaribu kumweka wa nne kwenye orodha yangu, na siwezi. Nikianza kumkasirikia namwona tu asubuhi ile, peke yake kwenye benchi ya Gitau, anazama majini, anaanza upya, anazama tena, na hana mtu wa kumwambia kwamba ni nzuri. Na mimi, ambaye ningemsikiliza siku nzima, niko darasani nakariri saba mara nane.